Uso Niliokatazwa Kuugusa

Mgeni kwenye ukurasa huu, karibu, vuta kiti. Wenyeji wangu, nivumilieni kidogo nimpe mwenzenu habari za nyuma.

Mimi ni Jemimah. Nina duka Nyamira mjini, nakodisha magauni ya harusi, na ndoa yangu mwenyewe imeoza. Cheka tu, nimezoea. Mume wangu Duncan yuko Kisii, kazi ya ofisi, nyumba ya kupanga, na ndani ya nyumba hiyo kuna mwanamke mwingine. Mimi nimebaki Gesima kwenye boma la baba yake, Mzee Anyona, ambaye mkewe alifariki kabla sijaolewa.

Duncan alipotaka kunifukuza, Mzee alikataa. "Huyu nilimtolea ng'ombe," alimwambia. "Hakuna wa kumtoa hapa. Akitoka, awe ametaka mwenyewe." Tangu siku hiyo nilimpenda mzee yule kama baba aliyenizaa.

Halafu likaja lile tawi. Mzee alikuwa akipogoa chai, tawi la mchai likamponyoka mkononi likamchapa jicho la kulia. La kushoto liliuawa na surua akiwa mdogo. Kwa hiyo hilo la kulia ndilo jicho lake, hana lingine.

Duncan, bila kumwona daktari yeyote, akatuma matone ya kutuliza kutoka duka la dawa. Uchungu ukapungua, tukamshukuru Mungu. Kumbe matone yale yalikuwa yanaulisha ugonjwa. Tulipofika kliniki ya macho Kisii, Daktari Bosire alilikwangua jicho kidogo, akatazama kwenye hadubini, akasema ni fangasi. Kuvu ya majani imeingia kidondani. Dawa yake inaitwa natamaisini, matone meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Tone moja kila saa, na siku za mwanzo hata usiku. Shital, mwenye duka la dawa pale mjini, akaiagiza Nairobi. Ilikuja chupa moja, na akatuambia wazi kwamba hajui nyingine itapatikana lini.

Duncan akaahidi kwa mdomo wake kwamba atakuja kumwekea baba yake. Mliniacha nikimpigia simu, na simu imezimwa.

Basi haikuwashwa. Tuendelee.

Najua mtu wa kutoka mbali ananiuliza: wewe si ulikuwa hapo nyumbani? Si ungemwekea wewe?

Ngoja nikueleze ensoni. Kwetu Kisii, mke wa mtoto na baba mkwe hawagusani. Hata mkono wa salamu hatupeani. Chai yake naiweka kwenye stuli, naondoka. Yeye nyumbani kwangu hapiti sebule, na mimi hadi leo sijui kitanda chake kimeelekea wapi. Hiyo ni heshima, na mimi nimelelewa ndani yake. Sasa unaniambia nimwinamie mzee huyo, nimshike uso, nimfungue kope kwa vidole vyangu? Woi! Afadhali unitume sokoni bila nguo.

Asubuhi ile nilisimama mlangoni kwake na chupa mkononi, nimeinamisha macho.

"Iweke hapo kwenye stuli, mwanangu," akasema. "Nitajitia mwenyewe. Mimi si mtoto."

Nikaiweka, nikarudi nyuma hadi kizingitini.

"Itikise kwanza, baba. Daktari alisema dawa yenyewe hukaa chini."

Akatikisa. Akalaza kichwa nyuma. Akalenga. Tone likaanguka kwenye nyusi.

"Limeingia?"

"Bado, baba. Shuka kidogo."

La pili likaanguka shavuni, likateremka.

"Na hilo?"

"Hilo limeingia ndevuni."

Akacheka hadi mabega yakatikisika. "Basi ndevu zitapona kwanza!"

Nikacheka naye. Halafu nikaenda jikoni, nikakaa karibu na jiko, nikalia. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, na jicho alilokuwa analilenga ndilo hilo hilo alilotegemea kuionea chupa. Angewezaje?

Mama mmoja mzee wa jirani alikuja akamwekea mara moja, mara mbili. Lakini saa hazingoji mtu. Naye ana ng'ombe wake, ana chai yake, ana magoti yake yanayomuuma. Siku iliyofuata hakuja, na sikumlaumu.

Mjukuu angeweza. Babu na mjukuu kwetu hawana ensoni. Wanataniana, wanavutana masikio, mjukuu anamwita babu yake mume. Mtoto angepanda mapajani mwake, akamfungua jicho huku akimcheka. Nyinyi mnaonifuata tangu mwanzo mnajua habari zangu. Mimba mbili, na zote zilitoka. Pale jikoni niliwalilia wanangu upya, sufuria ya uji ikiungua mbele yangu.

Tulirudi kliniki. Daktari Bosire alimkalisha Mzee mbele ya mashine yake ya taa, akaangalia, akarudia kuangalia. Daktari akirudia, wewe mwenyewe unajua.

"Nani anamwekea dawa?" akauliza.

Mimi nikatazama sakafu.

"Nauliza, nani anamwekea?"

"Mimi mwenyewe," Mzee akajibu, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

"Mzee wangu, dawa haiingii. Kidonda kimepanuka. Kikiendelea hivi jicho litatoboka, na likitoboka mimi sina la kufanya tena. Ningekulaza leo, lakini wodi imejaa. Huyu mama ni nani wako?"

"Mke wa mwanangu."

Daktari ni Mkisii mwenzetu. Aliposikia hivyo alivua miwani, akaanza kuifuta na koti lake.

"Nimeelewa," akasema polepole. "Na bwanake yuko wapi?"

Swali zuri hilo, daktari. Hata mimi nauliza.

Nikamwacha Mzee kwenye benchi la kliniki, nikatoka mbio hadi ofisini kwa Duncan. Nilimkuta kwenye ngazi, ananukia marashi, simu mbili mkononi. Zote zinafanya kazi.

"Baba yako anakuwa kipofu," nikamwambia. Salamu sikuwa nayo.

"Punguza sauti, Jemimah. Watu wa ofisi wanasikia."

"Na wasikie! Uliahidi utakuja."

"Nitakuja wikendi."

"Jicho halijui wikendi, Duncan! Ni kila saa!"

"Basi tafuta mtu. Wewe huwa unapenda kujifanya wa maana pale nyumbani, sasa tafuta mtu." Akatazama juu ya kichwa changu, kana kwamba namzibia njia. "Niko na mkutano."

Akapanda ngazi. Mwanamume aliyenivisha pete mbele ya kanisa zima akanipa kisogo namna hiyo, na mimi nikabaki nimeshika chuma cha ngazi nisianguke. Niliumia, jamani. Sitaki kujifanya shujaa hapa.

Jioni tulipofika Gesima nilisimama tena kizingitini, nikasema kile nilichokuwa nakisema kimoyomoyo njia nzima.

"Baba, niruhusu nikuwekee mimi."

Aliruka kwenye kiti. "Wewe! Unataka watu waseme nini?"

"Waseme watakalo."

"Unajua unachokisema? Mama yake Duncan angekuwepo, angekutoa hapa na mwiko!"

"Mama angekuwepo angekuwekea yeye, baba. Lakini hayupo. Duncan hayupo. Nipo mimi."

"Nenda zako jikoni."

Nikaenda. Nikamsikia akiitikisa chupa. Nikamsikia akinung'unika. Kisha kitu kikaanguka, na baada yake Mzee akaanza kutapatapa chini, viganja vyake vikipapasa sakafu. Chupa ilikuwa imemponyoka. Nilirudi mlangoni nikamkuta amepiga magoti, anaitafuta, na yenyewe iko karibu na goti lake kabisa. Haioni.

Alipojua nimesimama hapo aliacha kupapasa. Akakaa sakafuni vile vile, mzee mzima, mzee wa kanisa.

"Jemimah," akasema. Tangu niolewe hakuwahi kuniita kwa jina. "Fungua mlango. Ufungue wote, na dirisha pia. Mtu akipita aone kila kitu. Sitaki jambo la kufichwa."

Nikafungua mlango, nikafungua dirisha. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikanawa tena. Alikuwa amerudi kwenye kiti, amelaza kichwa, vidole vimeng'ang'ania mikono ya kiti.

"Bwana Yesu," akaanza kuomba kwa sauti, "wewe unajua."

Nikasema amina, nikamgusa. Ngozi ya uso wake ilikuwa laini kuliko nilivyofikiri. Nikaivuta kope ya chini kwa kidole, nikaacha tone lianguke pale pale linapotakiwa. Yeye akashtuka, mimi nikashtuka, tukaachana haraka kama watu walioungua.

"Linawasha, baba?"

"Linawasha," akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka, ya dawa au yake mwenyewe sijui. "Asante, mwanangu."

Saa iliyofuata tukafanya tena. Na iliyofuata. Duka langu Nyamira nililifunga. Mabibi harusi walinipigia simu wakinitukana, nami nikawaambia Mungu awabariki katika ndoa zao. Kila nikimwekea, mlango wazi, dirisha wazi, Mzee anaomba kwanza. Ikafika mahali hashtuki tena. Ikafika mahali ananipigia hadithi dawa ikiingia, jinsi alivyomtongoza marehemu mkewe kule sokoni akajifanya ananunua kuku.

Siku moja akasema, "Yule kuku mweupe anafanya nini juu ya jiwe?"

Nikageuka. Kuku mweupe alikuwa juu ya jiwe, nje, ng'ambo ya ua.

"Baba! Umemwona?"

"Nimeona kitu cheupe kinatembea. Kama si kuku ni malaika."

Nilipiga kigelegele peke yangu pale sebuleni. Tulipokwenda kliniki, Daktari Bosire akasema kidonda kimeanza kufunga pembeni. "Endeleeni hivi hivi. Msiache hata akijisikia vizuri. Na mkiona ute mweupe umeshika kwenye jicho, msiogope, ni dawa yenyewe inabaki. Unaisafisha taratibu." Hakuuliza ni nani anayemwekea. Aliniangalia tu, akainamisha kichwa kwa heshima.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Lakini hii ni hadithi yangu mimi, na nyinyi mnanijua.

Jumapili akaja Bitutu.

Bitutu ni dada mkubwa wa Duncan. Ana duka la viatu Keroka na ni kiongozi wa akina mama kanisani. Si mtu mbaya. Lakini ana mdomo, na huutumia kabla ya kuuliza. Aliingia bomani bila kupiga simu, ndizi za kumletea baba yake zikiwa kichwani, akatazama kupitia mlango ule tuliouacha wazi makusudi. Akaniona nimemwinamia baba yake, mkono wangu mmoja kwenye paji lake la uso, mwingine kwenye kope.

Ndizi zilianguka.

"Nyasae, Mungu wa mbinguni! Jemimah! Unamfanya nini baba yangu?"

"Wifi, ngoja, ni dawa..."

"Toa mkono! Toa mkono kwenye uso wa baba!" Akaingia, akanisukuma, akamshika Mzee kichwa. Na hapo akaiona ile dawa nyeupe imetanda juu ya jicho. "Mungu wangu! Jicho limekuwa jeupe! Amekutia nini, baba? Amekutia nini huyu?"

"Bitutu, tulia," Mzee akasema. "Mimi ndiye niliyemruhusu."

"Umemruhusu akushike uso? Baba, wewe?"

"Nimemruhusu."

"Basi umerogwa!" Akaanza kulia, kilio cha kweli kabisa. Akatoka uani akampigia ndugu yake.

Na ile simu ya Duncan iliyokuwa haipatikani, siku hiyo ilipatikana mlio wa kwanza. Kabla ya ugali wa jioni gari lake lilikuwa getini.

Aliniita nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji, yeye na Bitutu. Mzee tulimwacha sebuleni. Nilidhani atanipiga. Hakunipiga. Alikuwa ametulia sana, na utulivu ule ndio ulionitisha.

"Kwa hiyo umemshika baba yangu," akasema.

"Nimemtibu baba yako. Kazi yako nimeifanya mimi."

"Jicho limekuwa jeupe," Bitutu akadakia.

"Ni mabaki ya dawa! Mpigieni Daktari Bosire sasa hivi, nambari hii hapa!"

Hakuna aliyeichukua. Duncan akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa. Nilikijua kabla hajakigeuza. Ni yale matone ya kwanza, yale ya kutuliza.

"Haya ndiyo yalikuwa yanamsaidia," akasema. "Hayawashi, hayaachi uchafu. Kuanzia leo atatumia haya."

Nikakinyooshea kidole. "Duncan, hayo ndiyo yaliyomharibu! Yatamtoboa jicho! Bitutu, nakuomba, wewe ni mama, nakuomba..."

Nilipiga magoti kwenye matope ya tangi. Ndiyo, nilimpigia magoti. Wale mlioniandikia wiki iliyopita kwamba sina msimamo, andikeni tena. Lile ni jicho la mtu.

Duncan akanitazama pale chini. Kisha akamwambia dada yake atusogelee, asikie.

"Sikiliza, Jemimah. Baba alisema hutoki hapa mpaka utake mwenyewe. Sasa wewe taka. Nenda umwambie umechoka, unarudi kwa mama yako Magwagwa. Ukitoka usikanyage hapa tena, na usiseme na baba tena, hata kwenye simu. Ukifanya hivyo, dawa yako itaendelea. Bitutu atakaa hapa amwekee kila saa. Yeye ni damu yake, hana shida."

"Na nikikataa?"

Akakirusha kile kichupa juu, akakidaka. "Basi mimi ni mtoto wake wa kiume. Mimi ndiye ninayeamua atatibiwa na nini."

Nilimgeukia Bitutu. Alikuwa ameduwaa. Nadhani hata yeye hakuwa amejua ndugu yake alikuja na mzigo gani. "Utamwekea?" nikamuuliza. "Uniapie, Bitutu. Kila saa?"

"Nitamwekea," akasema, hanitazami. "Haki ya Mungu, nitamwekea."

Nikamfundisha pale pale kwenye tangi. Nawa mikono. Itikise chupa. Vuta kope ya chini, usiikaribishe ncha ya chupa ikagusa jicho. Mwache aombe kwanza, ndiyo anatulia. Hapo kwenye kuomba nikaishia, nikajifuta matope magotini.

Kisha nikaenda kumwambia Mzee.

Alikuwa kwenye kiti chake. Nilisimama kizingitini, mahali pangu pa zamani.

"Baba, nimekuja kukuaga."

"Unaenda dukani?"

"Naenda Magwagwa. Kwa mama. Sirudi."

Akageuza uso kunitafuta. "Duncan amekufukuza?"

"Hapana. Ni mimi. Nimechoka."

"Umechoka na nini?"

Duncan alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akipumua.

"Umechoka na mimi, Jemimah?" Mzee akauliza.

Wasomaji wangu, nimefiwa na watoto ambao sikuwahi kuwaona. Nimeachwa kwenye ngazi za ofisi. Lakini katika maisha yangu sijawahi kutoa neno zito kama hili.

"Ndiyo, baba."

Akaacha kunitafuta, akaurudisha uso dirishani. Halafu akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza. "Nimekusumbua sana," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Saa zote zile."

Nikatoka kabla sijapiga ukunga. Nikachukua begi, nguo mbili tatu, Biblia yangu. Nikapita kwenye chai, nikapita getini, nikashika barabara. Sikutazama nyuma. Nililia kwa sauti, na wanawake waliokuwa wakichuma chai wakasimama kunitazama, na sikuona aibu.

Sijafika mbali nikasikia miguu inakimbia.

"Jemimah! Jemimah, ngoja!"

Alikuwa Bitutu, bila viatu, chupa ya dawa mkononi. Duncan alikuwa anamfuata kwa hatua ndefu.

"Amekataa!" Bitutu akasema akihema. "Baba amekataa dawa. Amefumba jicho, ameliziba kwa mkono, hafungui. Aliniuliza kwa nini umeondoka, nikashindwa kudanganya. Nimemwambia yote, wifi. Tangu nimwambie hataki hata kunisikia. Anasema kama jicho lake limenunuliwa kwa ndoa yako, halitaki."

"Mfungue kwa nguvu!" nikamwambia.

"Nimejaribu! Ananisukuma! Saa ya tone imefika, nayo inapita!"

Nikageuka kurudi. Sikufikiri, miguu iligeuka yenyewe. Lakini Duncan alikuwa ameshafika. Akaipokonya chupa kutoka mkononi mwa dada yake, akasimama katikati ya barabara kati yangu na boma.

"Tulikubaliana nini, Jemimah?"

"Duncan, baba yako..."

"Tulikubaliana nini? Hukanyagi pale, husemi naye. Hatua moja tu, neno moja tu, na hii naimwaga hapa." Akaanza kukizungusha kifuniko. Chupa yenyewe moja. Nyingine hata Shital hajui iko wapi.

"Duncan, acha wazimu!" Bitutu akapiga kelele. "Hiyo ni dawa ya baba!"

"Nimesema."

Na hapo sote watatu tukasikia sauti.

"Jemimah!"

Mzee Anyona alikuwa ametoka. Hakupita getini. Alipita kwenye pengo la ua kule chini, akaingia barabarani bila fimbo, bila kofia, mkono mmoja ukipapasa hewa na mwingine umeziba jicho. Alidhani nimeteremka kuelekea stendi, kwa hiyo aligeukia huko, akatupatia mgongo.

"Jemimah, mwanangu! Uko wapi? Wameniambia! Najua hukuchoka na mimi!"

Bitutu akaanza kukimbia kumfuata. Duncan hakuondoka mahali pake. Kifuniko kilikuwa kimetoka, kiko mkononi mwake, na chupa ameiinamisha. Ananitazama mdomo.

Niliuziba kwa kiganja changu. Niliubana hadi meno yakaniuma.

"Jemimah!" Mzee akaita tena, akizidi kuteremka, akizidi kwenda mbali nami, katikati ya barabara. "Kama uko, sema hata neno moja tu!"

Niliutoa mkono mdomoni.